Zawadi za São Paulo

Mjukuu wangu Rhobi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Kenyamonta hatujambo; goti la bibi yako limepoa na ulezi tumeshauanika.

Umeniuliza kama hesabu yako ya kwenda São Paulo imekaa sawa. Tiketi ya ndege, hoteli, chakula, mabasi: hayo siyajui, jiji lenyewe nalisikia kwenye mpira tu. Ila nimeona fedha za zawadi zetu zimezidi hata za hoteli, na ndizo zinazokufanya uahirishe safari mwaka mzima.

Nikiwa kijana nilikimbilia dhahabu Nyakunguru. Nauli ya kurudi niliishonea kwenye suruali, lakini sikurudi, kwa sababu sikuwa na blanketi la baba wala sukari ya mama. Siku moja ya mnada nikamwona baba anakuja na fahali wetu mwekundu. Nikajificha nyuma ya kibanda cha chai. Nikamsikia akiuliza watu, "Mwanangu Chacha hamjamwona?" Jioni akaondoka, akimswaga fahali yule yule. Nikadhani amekosa bei.

Nilipokuja kurudi nyumbani, baba hakuwepo tena duniani. Mama ndiye aliyeniambia kwamba fahali yule hakuwa wa kuuzwa. Baba alitaka tu kisingizio cha kufika Nyakunguru.

Kwa hiyo futa zawadi zetu, uende. Ukirudi, njoo mikono mitupu, nikuone.

Babu yako,
Chacha