Nyekundu ya Milango Miwili

Baba Mwita wangu,

Nimechoka leo. Nimetoka zamu, nikapanga foleni ya sabuni nikiwa bado na gauni la kazi, na sabuni ikaisha wakiwa wamebaki watu watatu mbele yangu. Petroli haipo mjini wiki ya pili sasa na gari letu nimelilaza gereji kwa Fundi Salumu, kwa hiyo nilikuwa narudi nyumbani Turwa kwa miguu, Fundi akaniita nikipita. Akaniambia ile nyeupe imerudi. Sikuhitaji kuuliza nyeupe gani.

Unakumbuka tulivyokwenda kwake kuchagua. Bhoke alikuwa mgongoni kwangu, Mwita kakushika kidole. Baiskeli ya kwenda shuleni Nyakunguru ilikuwa imekuchosha, unaingia darasani vumbi mpaka kwenye nyusi, na baba yako alikuwa ameuza kahawa akasema mwanawe mwalimu atafute gari. Fundi alikuwa nazo mbili, zote zimeshatumika upande wa Kenya, zote ndogo, fupi, zenye injini za kukimbia. Nyekundu ilikuwa na milango miwili na iliwahi kuingia mashindano. Alama ya namba iliyobanduliwa bado ilionekana ubavuni. Nyeupe ilikuwa na milango minne, nguvu karibu zilezile, ila rangi imebabuka na buti limebonyea. Fundi, kwa lafudhi yake ya Tanga ambayo Tarime haijaweza kuitoa, alisema zote zina mwendo, na barabara ya Nyakunguru itazikwangua zote tumbo. Kuchagua akatuachia wenyewe.

Wewe uliizunguka nyeupe mara tatu. Ukafungua kila mlango ukaufunga, ukalala chini ukachungulia, ukavuta kijiti cha oili ukakinusa kama unayejua unanusa nini. Mimi nilikuwa nimeshakaa ndani ya nyekundu, nimeshika usukani nisiojua kuutumia. Nilikuwa kijana, Baba Mwita. Kutwa nilikuwa nabeba mabeseni wodini, nikataka kitu kimoja kizuri.

Ukainama dirishani ukaniuliza, "Na mama yako atapandia wapi?"

Nikacheka. Nikakuambia mama ana miguu yake, na kwamba sasa unaleta mambo ya ukwe mpaka kwenye gari. Ulinitazama kidogo, ukasema basi, nyekundu. Nikitaka kitu hukuwa mtu wa kubisha mara mbili.

Nisiseme uongo, tuliifaidi. Watoto wa Nyakunguru walikuwa wakisikia muungurumo wako wanakimbilia mstarini kabla hujatokea, mwalimu mkuu akasema kengele tuiuze. Watu walikutania kuwa mjamaa gani huyu anayekwenda shamba la kijiji na gari la mashindano. Nawe ulikuwa unashusha majembe ya darasa la sita kutoka nyuma, moja moja. Kila siku miaka ile uliondoka nayo na ukarudi nayo, na mimi nilikuwa naisikia tangu inapopanda kilima, naweka maji ya chai.

Halafu ikaja Jumapili ile. Kaka alileta habari kutoka kwetu Nyansurura kwamba mama ana homa na tumbo limevimba. Tuliondoka alfajiri, maana, kwa kubana petroli, Jumapili ikishafika saa nane mchana gari la mtu binafsi lilikuwa haliruhusiwi barabarani, na tulitaka tuwe tumeshamfikisha hospitali. Tulimkuta amevaa, yuko tayari. Akatembea mpaka kwenye gari akiegemea mkono wangu, nikalaza siti ya mbele ili apite nyuma.

Wewe ulikuwa umeshashuka bila kuambiwa, umekwenda mbali kwenye shamba la ulezi, umetupa mgongo. Miaka yote ya ndoa yetu hukuwahi kupeana mkono na mama yangu, wala kula naye, na mkikutana njiani mmoja alichepuka. Ndivyo tulivyolelewa, na sikuona ubaya. Mama alijaribu kuinama apenye, tumbo likamkatalia. Akajaribu tena. Ikabaki siti ya mbele, pembeni yako, na kijiti cha gia katikati yenu.

Akaniambia kwa Kikurya, taratibu, kama anayenifundisha, "Mwanangu, mkono wa mkwe wangu upite juu ya goti langu mpaka Tarime? Hapana. Nitangoja lori."

Kaka alimsihi. Mimi nililia, kisha nikamfokea, nikamfokea mama yangu mgonjwa. Kama ningejua kuendesha, wewe ungebaki palepale kwenye ulezi na mimi ningempeleka. Sikujua. Lori la ushirika lilipita Jumanne, akalazwa juu ya magunia nami nimemshika kichwa. Alifia wodini kwetu siku ya pili yake. Daktari alisema kwamba pengine angeletwa mapema angepona. Hilo pengine sijapata pa kuliweka mpaka leo.

Baada ya mazishi nilingoja useme. Nilingoja wiki ya kwanza, nikangoja ya pili. Badala yake Jumamosi moja ulinichukua mpaka uwanja wa shule, ukashuka, ukaniambia, "Hamia huku." Mwezi mzima ulinifundisha. Niliizima, nikaikwaruza gia, nikagonga goli la mpira, hukucheka wala hukukasirika. Nilikuchukia kidogo kwa upole ule, Baba Mwita. Ungeniambia mara moja tu kwamba ulinionya, ningelia yakaisha.

Sasa wewe nawe umelala kaburini huko kwenu, huu mwaka wa pili. Bhoke anaolewa. Kijana wake ana adabu. Juzi alinisikia natoka jikoni akapita mlango wa nyuma mbio mpaka akaacha kiatu kimoja. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaniishia. Sasa mimi ndiye wa kukimbiwa.

Fundi anasema mwenye nyeupe amehamishiwa Musoma na kaiacha iuzwe, na kuna mtu wa Sirari anaitaka nyekundu. Naweza kumwachia Fundi nyekundu nikachukua nyeupe moja kwa moja. Nikaingia kuitazama. Buti bado limebonyea vilevile. Nikafungua mlango wa nyuma, wa kushoto, nikaingia. Sikuinama sana, niligeuka tu nikakaa. Nikafunga mlango, nikajifunika kitenge kichwani alivyokuwa akijifunika mama, nikaegemea dirisha, mbali na kiti cha dereva. Nafasi ipo. Hata mwenye tumbo lililovimba angekaa pale na mkwe wake asingemwona hata ukucha.

Nilikaa mpaka Fundi akaja kuuliza kama naumwa. Nikamwambia napima.

Nimeichukua. Nyekundu nimeiacha pale gereji, na sikugeuka nyuma. Siku ile uliniuliza swali moja nami nikacheka, kwa hiyo nalijibu leo, nimechelewa na nimechoka. Mama atapandia nyuma, kushoto.

Lala salama, mwalimu.

Mama Mwita wako