Kitabu cha Kidoti

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje? Mimi mzima, ila vumbi la karatasi hapa kiwandani limeniachia kikohozi. Nina ombi. Vile vitabu unavyowatengenezea watoto wako wa chekechea kwenye kompyuta, mtoto akigusa picha inasema, nifundishe. Nataka kumtengenezea Kidoti. Nilipoondoka, binti yangu huyo alikuwa anatambaa. Sasa ana miaka minne na hajui hata sauti yangu. Mama yake hapokei simu zangu tangu aolewe tena, lakini wewe hajakufungia mlango.

Kakako

15 Machi

Kaka,

Mgongo umetulia, ahsante. Hicho kikohozi usikifanyie mzaha, nenda ukapimwe.

Kitabu si kigumu, pupa tu ndiyo mbaya. Anza na kurasa sita. Kila ukurasa picha moja, sentensi moja. Rekodi sauti, bofya picha, uiunganishe na sauti yake. Mwisho hifadhi kama kitabu, si kama hati ya kawaida, la sivyo picha zote zitakuwa bubu. Kijaribu kwanza kwenye simu.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu tele. Kikohozi kimepungua. Jaribio la kwanza lilinichekesha: ukigusa paka, mvua inanyesha, ukigusa wingu, linalia nyau. Nimerekebisha. Sauti nimerekodia stoo, katikati ya marobota ya karatasi, maana huko mashine hazisikiki. Neno "mwanangu" lilinishinda mara kumi na moja. Ukurasa wa sita ni picha yangu. Akiigusa, namwambia mimi ni nani. Kitabu nimekutumia kwenye simu yako. Mpelekee.

Kakako

20 Mei

Mdogo wangu,

U hali gani? Mwezi na nusu huu, kimya. Kama hakikufunguka niambie tu, nitakirudia.

Kakako

11 Juni

Kaka,

Naomba barua hii ikukute salama. Kitabu kilifunguka vizuri. Nilinyamaza kwa woga.

Mama Kidoti alikisikiliza kwanza peke yake, jikoni. Alitoka macho mekundu. Akaniambia, "Wifi, hizo kurasa tano mpe. Wa sita ufute. Ana baba anayemjua, tusimchanganye mtoto." Nikaufuta, kaka, kwa mkono wangu huu.

Kidoti alikipenda. Alimgusa paka mpaka sote tukachoka. Kisha akaniuliza, "Shangazi, huyu anayesema ni nani?"

Nikamjibu, "Ni mtu wa kwenye kitabu."

Akasema, "Ana sauti nzuri."

Nisamehe.

Mdogo wako

18 Juni

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Mwenzangu wa zamu aliniona nikiisoma, akaniuliza kama nimefiwa. Nikaikunja, nikarudi kwenye mashine.

Sina kinyongo nawe, wala na mama yake. Niliondoka mwenyewe, na maji yakimwagika hayazoleki. Afadhali asikie sauti kuliko asisikie kitu.

Nimeanza cha pili, cha kuhesabu moja hadi kumi. Picha yangu haimo. Kikiwa tayari mpelekee, umwambie kimetoka kwa yule mtu wa kwenye kitabu.

Kakako