Mukimo wa Mababu

Jumamosi, usiku

Mdomo huu utaniponza. Leo tulikwenda mtaa wa Umoja kumposea mpwa wangu Kamau, nami ndiye msemaji wetu. Mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi, ulipoletwa, shangazi wa msichana akausifu kuwa chakula cha mababu. Nikaeleza, kwa upole kabisa, kwamba mahindi na viazi asili yake ni Amerika. Kabla Wareno hawajafika pwani, mababu hawakuvijua.

Kamau akanikanyaga mguu.

“Basi mzee,” shangazi akasema, akiiondoa sahani yangu, “huu tutawarudishia Waamerika. Wewe kula nduma, hiyo ni yetu.”

Nduma nayo, yaani magimbi, ilitoka Asia, tena kwa njia ya kusisimua sana! Nikamtazama Kamau anavyotokwa jasho. Nikaimeza pamoja na maelezo yake yote.

Msichana tumepewa.