Swali la Baba Katika Video ya Tisa

Ghorofani, juu ya duka la misumari,
Jumamosi, 9 Novemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na kile kikohozi ulichoniandikia, kimekuachia au bado mnalala kitanda kimoja? Sisi huku wazima wa mwili. Mama hajambo, mguu umepona, na sasa anapanda ngazi bila kumtukana aliyezijenga. Mimi ndiye niliyeyumba, na sababu utaiona huko mbele.

Uliniuliza swali dogo tu. Umeona tangazo la video za kongamano la waandishi, zinauzwa mtandaoni kifurushi kizima, na kwa kuwa unaandika kumbukumbu zako za ukunga, je, ununue au ni kutupa pesa? Ukasema nikutazamie kwanza, maana mimi ndiye mwandishi wa ukoo. Nilicheka peke yangu. Mwandishi gani ambaye hajaandika hadithi tangu ana miaka kumi na sita? Ninachoandika mimi ni majina ya wagonjwa kwenye majalada. Lakini wewe sikukatalii kitu, nikanunua. Kaa kitako nikueleze, na kama umesimama jikoni, zima jiko kwanza.

Nilikuwa nazitazama saa ya mapumziko ya mchana, mle kwenye chumba cha majalada cha zahanati, hedifoni masikioni. Video ya kwanza ni dakika arobaini, na thelathini kati ya hizo ni za kuwashukuru wafadhili. Ya pili bwana mmoja anatuambia tuandike kila siku, jambo ambalo hata fundi viatu wa hapa chini angeniambia bure. Ya tatu kamera wameiweka nyuma kabisa ya ukumbi, na mbele yake kakaa mtu mwenye kofia pana. Basi nikaitazama kofia mwanzo mpaka mwisho. Nikawa nimeshaanza kukuandikia kichwani: Shangazi, usinunue, hawa ni wezi waliovaa tai.

Ya nne ilinifunga mdomo. Mama mmoja mhariri alichukua sentensi mbovu, akaifua mbele ya watu mara saba mpaka ikatakata. Nilipomaliza kutazama nilikuta nimeshika kalamu. Sikujua kama mkono wangu bado unawashwa.

Sasa ya tisa. Ya tisa ni maswali ya wasikilizaji matupu, wala hakuna aliyejisumbua kuipunguza. Watu wamepanga foleni kwenye maikrofoni. Akauliza mwalimu, akauliza msichana mmoja mwenye maneno mengi, kisha akasogea mzee wa suti ya kijivu, penseli kaipachika sikioni.

Shangazi, ni kaka yako!

Nilipiga ukelele mpaka nesi wa chumba cha sindano akaja mbio, akidhani nimeangukiwa na kabati. Nikamwonyesha simu kwa kidole. Akainama, akaangalia. "Si Mzee Misumari huyu? Kaenda kuuza nini huko?"

Baba yangu jamani! Yeye ambaye hata karatasi ya dawa anasomewa na Mama, yeye anayesema kitabu ni karatasi iliyoharibiwa! Mwezi wa nane alituaga kwamba anakwenda kuchukua mzigo wa mabati. Akakaa siku mbili, akarudi mikono mitupu, akasema bei zimepanda. Mama akampa pole. Pole ya nini! Salaale, kumbe mtu alikuwa kongamanoni, na suti yake ya harusi!

Unayakumbuka yale madaftari yangu, ulikuwepo likizo ile, ndiye uliyenifuta machozi. Madaftari matatu, hadithi ya msichana aliyepanda juu ya tangi la maji la mji, kisha watu wakaiondoa ngazi. Nilishuka dukani asubuhi nikamkuta Baba anachana kurasa moja moja na kufungia wateja misumari. Nikamuuliza kwa nini. Akasema karatasi za kufungia zimekwisha, na hizi zimeshachafuliwa na maneno, zina kazi gani nyingine? Tangu siku ile mimi sikuandika tena. Na Baba tukawa tunaongea habari za funguo, maji na dawa ya presha, basi. Miaka ishirini na miwili, na tunaishi nyumba moja.

Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno, maana nimeisikiliza hiyo video mpaka naijua kwa moyo. Alianza hivi: "Mimi si mwandishi. Mimi nauza misumari." Watu wakacheka. Akangoja wamalize, kisha akaendelea. "Nilimfungia mteja misumari kwa ukurasa wa hadithi ya binti yangu. Kesho yake yule mteja, fundi mwashi, akarudi. Nikadhani anarudisha misumari. Akaikunjua ile karatasi juu ya kaunta, akainyoosha kwa kiganja, akaniuliza: mzee, huyu msichana alishukaje? Naomba ukurasa unaofuata. Na ukurasa unaofuata nilikuwa nimeshamfungia mtu mwingine. Niliona haya, nikamfukuza kama mwizi. Binti yangu sijamwambia mpaka leo. Sasa nyinyi mnaojua mambo haya, niambieni: mtu akishaharibu hadithi ya mwanawe, aanzie wapi kuomba radhi?"

Mtaalamu aliyekaa jukwaani kujibu maswali akakohoa, akasema, "Swali zuri sana, mzee. Kwanza kabisa..."

Video ikakatika!

Imekwisha hapo, Shangazi. Nimelipia swali, jibu halimo. Niliirudisha mara nne, nikidhani ni simu yangu, kumbe ndivyo walivyoiuza.

Sikufanya kazi tena siku ile. Nililia juu ya majalada ya watu mpaka nesi akanikanya nisije nikafuta majina ya wagonjwa. Ujue miaka yote hiyo niliamini hadithi yangu haikusomwa na kiumbe yeyote, iliishia jalalani na kutu za misumari. Kumbe kuna mtu mzima, mwenye kazi zake, aliyeacha ukuta akarudi kuulizia! Halafu hasira zikanipanda. Mambo haya anawaambia watu mia tatu asiowajua, na mimi ninayelala juu ya kichwa chake hanambii!

Kesho yake asubuhi nikashuka. Alikuwa anampimia seremala misumari ya inchi tatu. Nikamwambia, "Baba, nimekuona kwenye video ya kongamano." Hakuniangalia. Akaendelea kumimina misumari kwenye mizani mpaka ikafurika na kumwagika sakafuni, seremala anasema yatosha mzee, yatosha, yeye hasikii.

"Walisema wanapiga picha ukumbi tu," akasema.

Nikamuuliza yule bwana alimjibu nini, maana kwetu imekatika. Akasema alielezwa habari za subira na mifano mingi, hakuuelewa hata mmoja, akapanda basi akarudi. Kisha akaitoa ile penseli sikioni, akaiweka kaunta, akasimama wima kama anayetoa ushahidi. "Nisamehe, mama."

Shangazi, mimi nilikuwa na hotuba. Miaka ishirini na miwili naipanga, naijua kila kituo. Haikutoka hata neno. Nilimshika mkono, nikasema nimesamehe, na nilikuwa nimesamehe kweli, nikajishangaa. Seremala wa watu akaona aibu, akaanza kuokota misumari.

Ndipo Baba akaniuliza, taratibu, "Kwani alishukaje?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Sikumbuki! Shangazi, sikumbuki kabisa! Hadithi niliyoililia umri wote huu, mwisho wake umenitoka, umefutika. Nikamwambia Baba kwamba nimesahau.

Akasema, "Mimi kwa akili zangu za dukani nimemshusha mara nyingi. Mara kwa kamba ya katani, mita ishirini. Mara kwa bomba la inchi mbili. Lakini najua wewe hukuandika hivyo."

Kwa hiyo jibu lako ni hili: kifurushi kizima usinunue, ni ghali na nusu yake ni shukrani na kofia. Ile ya nne ikitoka peke yake, nunua hiyo, itakufaa kwa kumbukumbu zako. Mimi pesa yangu siidai. Lakini siwezi kukwambia ilinunua nini, maana hata waliouza hawajui kama waliuza.

Nisalimie Mjomba na bawasiri zake, aache aibu aende kwa daktari. Wasalimie wanao mapacha wote wawili, na yule jirani yako fundi cherehani, mwambie gauni lilinitosha. Mama anakukumbuka kila siku. Mungu akupe afya, akulindie macho yako uandike hayo ya ukunga mpaka mwisho, usimwachie mtu ayamalizie kwa kukisia.

Ile hadithi nimeanza kuiandika upya, nimeshafika ukurasa wa kumi na moja. Kila jioni akifunga duka, Baba anapanda ngazi, anasimama mlangoni kwangu, anauliza, "Bado yuko juu?" Namjibu bado. Jana nilimwomba radhi kwamba nachelewa. Akatikisa kichwa, akasema, "Usimharakishe. Andika. Mimi nitangoja."

Ni mimi nikupendaye sana,
Mwana wa kaka yako.