Kilele Kisichopakwa

Mjukuu wangu mpendwa,

Sisi hatujambo, na paa halivuji tena. Picha yako ya mlima imefika. Bibi yako, anayeniandikia barua hii, anaisifu. Lakini yeye husifu hata rangi iliyochuruzika.

Nilikufundisha kwamba katika rangi za maji theluji haipakwi. Kilele huachwa karatasi tupu. Juzi nilichora mlima wetu. Bibi yako akacheka: "Mzee, theluji umemgawia nani?" Nilikuwa nimekipaka kilele chote buluu, wala sikukiona. Akanipeleka kwa daktari.

Daktari amesema macho hayatarudi. Brashi zangu ni zako sasa.

Picha yako iko ukutani sebuleni. Kila asubuhi namwuliza bibi yako kama ulikiacha kilele cheupe. Hunijibu, "Amekiacha, Mzee," akiwa bado jikoni.

Ni mimi,
Babu yako