Handaki la Godauni

Jumatano, 17 Machi 1954

Lori limezama tena Kilwa Road, ufuta wote umelowa. Sheth Taiyeb, tajiri wetu wa godauni, karibu alie. Nikajipa moyo, nikamwonyesha mchoro wangu: handaki chini ya barabara, kutoka godauni hadi kwenye reli. Toroli lenye mzigo linateremka lenyewe. Hakuna matope, hakuna petroli, hakuna moshi! Amekubali! Mimi Gaspar, karani tu!

Jumamosi, 20 Machi

Wameanza kuchimba. Kondo, mnyapara wa mahamali, wabeba mizigo wetu, hanipi nafasi kwa utani: eti sie Wanyamwezi tumechoka kubeba, sasa tunajizika wenyewe. Mtani wangu huyo, Mzaramo. Tulipomzika mama mkwe, Kondo alijilaza kaburini, desturi ya watani, hakutoka mpaka tukampa kuku. Nilicheka huku nalia.

Jumatano, 31 Machi

Toroli limejaribiwa. Linakwenda vizuri — vizuri mno. Watu wawili wanamaliza kazi ya kundi zima. Sheth kaniambia nichague wawili wa kubaki. Nimechagua vijana. Kondo na wenzake wameachishwa. Nyumbani mke wangu Avelina akauliza, na mtani wako je? Nikajifanya natafuna.

Jumamosi, 3 Aprili

Asubuhi Kondo kajilaza handakini, juu ya reli ya toroli, kajifunika gunia kama maiti. Nikafurahi! Nikajua kanisamehe. Nikakimbia kununua jogoo, nikamshukia naye mbele ya watu: haya mtani, chukua chako, utoke. Watu wakacheka.

Kondo hakumpokea. Alisema, "Leo sikutanii, Gaspar."

Miaka yote hajawahi kuniita jina.

Sasa mvua. Maji yanaingia, mchanga unadondoka kati ya mbao. Kondo hatoki mpaka arudishwe kazini, yeye na wenzake. Sheth hataki kusikia. Mzigo unangojwa relini. Anasema niachie breki tu, mtu atakimbia mwenyewe akiona toroli linakuja. Hatakimbia. Namjua.

Nimesingizia kuandika risiti, nikaja mezani — ndiyo hii naandika. Jogoo yuko miguuni kwangu, bado amefungwa. Mpini wa breki nimeuchomoa, uko hapa chini ya karatasi. Bila huo toroli haliondoki. Sheth hajajua. Naogopa.

Sheth anaita. Anaita tena. Na kule chini Kondo kaanza kukohoa —