Maneno ya Baba na Kidude cha Fiston

Kibua, Jumatano jioni

Ndiyo, nilimuharibia Fiston kazi, na sijutii.

Yeye njo fundi wa ordinatere, zile kompyuta, kule Hombo. Mwezi uliopita programu yangu ya kuandika ilidai nilipe lisansi. Akaniambia: "Mama Furaha, usijisumbue. Niko na kidude cha kuifungua bila kulipa. Zima tu antivirusi kidogo." Nikazima kwa mkono wangu mwenyewe. Hiyo pia inaniuma.

Kisha siku mbili, mafaili yangu yote yakafungika, hakuna hata moja lilifunguka tena. Kumbe kile kidude kilibeba virusi ndani. Miaka sita niliandika maneno ya Kinyanga, luga yetu, toka kinywa cha baba: majina ya mitego, ya miti, ya uyoga. Sasa baba iko kaburini. Nilipomuambia Fiston, alicheka tu. "Utaandika tena, Mama."

Nitaandika tena na nani?

Leo direktere wa masomo, mkubwa wa shule yetu pale nafundisha, aliniita. Fiston alikuwa pale, anaomba kazi ya kutengeneza mashine za masomo, na alinitaja mimi kama shahidi wa kazi yake.

"Mama Mwalimu, huyu iko fundi muzuri?"

Nilieleza yote pole pole, nikimutazama Fiston usoni. Akanikatiza:

"Mama, unaniua!"

"Nasema tu kile ulifanya."

Direktere akamuonyesha mlango. Akatoka bila kuaga, na mimi nikasikia raha kabisa, raha ao hasira, sijui.

Padiri atasema nimusamehe. Mungu amusamehe kwanza. Mimi bado.